Busu la Salamu

Don Evaristo Bucio habusu, analamba. Kila msichana wa Mtaa wa Ishirini na Sita hapa Chicago anajua hilo, na kila mama humsukuma binti yake mbele vilevile, kwa sababu kwetu sisi tuliotoka Michoacán, kule Meksiko, msichana asiyembusu mkubwa shavuni hakulelewa. Don Evaristo ndiye aliyenisimamia ubatizo. Nimeyajua masharubu yale tangu sijaota meno, na hadi leo nikiyakumbuka mate hunijaa mdomoni, wala si ya hamu.

Mimi ni mwandishi. Nina safu katika gazeti letu la Kihispania, ambamo wasichana huniuliza wasiyoweza kuwauliza mama zao. Hakuna walichonililia kama hili la kubusu: mjomba anayenuka bia, jirani anayekosea shavu kwa makusudi, mama anayemfinya mtu kiunoni na kumnong'oneza amsalimie mgeni vizuri. Majibu yangu ndiyo yaliyozaa kitabu, na kitabu kinasema waziwazi kwamba shavu ni la mwenyewe, na mkono unatosha.

Sasa nani alijitolea kutupa ukumbi wa kukizindulia? Don Evaristo. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Mama yangu, doña Amparo, alikubali bila kuniuliza, na nilipofika nikakuta picha ya don Evaristo kwenye bango ni kubwa kuliko yangu, nyongo ilinipanda.

Nilimfuata mama jikoni nikamwambia jambo moja tu: Yunuen hatambusu mtu yule. Yunuen ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na minne, na anaishi na mama. Asubuhi ile alikuwa ameniuliza kama yaliyomo kitabuni yanamhusu na yeye, au ni ya wasichana wa gazetini tu. Nilimwahidi kwamba yanamhusu.

"Ukumbi ametupa bure," mama alisema, huku akipanga tamales za unga wa mahindi kwenye sinia. "Mkono mtupu haulambwi, Eréndira."

"Na shavu la mtoto je, mama? Hilo ndilo la kulambwa?"

"Usinitie aibu mbele za watu. Wewe si ulimbusu? Ulikufa?"

Sikufa. Lakini hicho nacho ni kipimo gani cha malezi, kwamba mtoto hakufa? Nilimkumbusha kwamba heshima si utumwa. Akanipa sinia nipeleke ukumbini.

Watu walijaa, wasichana mbele na mama zao nyuma. Don Evaristo aliinuka mezani alipokuwa akila nyama ya nguruwe, mafuta yaking'aa masharubuni, na kipande cha ngozi kimenasa papo hapo juu ya mdomo. Akaninyang'anya kipaza sauti. Alisema wasichana wote wa mtaa ule amewalea yeye, na kwamba mkono ulioandika kitabu hiki aliushika yeye kanisani ungali mchanga. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nakitazama kile kipande cha ngozi kikipanda na kushuka.

Kisha akatanua mikono, akamwita Yunuen aje amsalimie, wapigwe picha.

Mtoto alinitazama mimi, hakumtazama bibi yake.

Mtu anayeishi kwa maneno ungedhani angekuwa na hotuba. Yalinitoka machache. "Hapana, don Evaristo. Atakusalimia kwa mkono."

Yunuen akanyoosha mkono. Ulibaki hewani. Don Evaristo alicheka, akawaambia watu kwamba vitabu vimeharibu watoto, siku hizi mzee akitaka salamu anaombwa kibali. Wakubwa wakacheka naye. Lakini hakushusha mikono. Alikuwa anasubiri, maana kwetu mwanamume akisubiri hivyo, lazima shavu lipatikane.

Ndipo mama akatoka jikoni. Nilijiandaa kumzuia asimsukume mtoto. Akampita Yunuen, akasimama mbele ya mwenye ukumbi.

"Mtoto ana mafua, don Evaristo," alisema. "Salamu zake nipe mimi."

Ukumbi mzima ukapumua. Don Evaristo akamshika mabega mama yangu, mjane wa miaka karibu sabini, akambusu shavu moja, akahamia la pili, akamalizia pembeni mwa mdomo, taratibu, kama anayefuta sahani kwa mkate. Kamera ikamulika. Nilikuwa karibu nao. Mama alikuwa amefumba macho, amekaza midomo na kubana pumzi, na alijua barabara ni lini ataweza kuiachia. Nilisikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia kwa shavu langu mwenyewe.

Yunuen akamshika mkono akamvuta nyuma.

"Bibi," alimwambia, "hata wewe si lazima."

Mama alishika pindo la aproni, akaanza kujifuta mdomo mbele ya watu wote, akafuta tena, akafuta tena.