Gari Lisilo na Klachi

Burhani alipochungulia chini ya usukani wa lile gari kubwa la rangi ya maziwa akaona pedeli mbili tu, alimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale uani, bila kujali nani anamsikia. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki sawasawa tangu gari la zamani la kituo cha afya lilipopinduka darajani. Na dereva asiyeweza kukanyaga klachi, hata mumpambe vipi, ni dereva wa jina tu.

Ilikuwa mwaka 1975. Wageni fulani waliomaliza mkataba wao Bukoba walikuwa wameacha magari mawili: hilo lililobadilisha gia lenyewe, na Land Rover ya gia za mkono. Kituo cha afya cha huku Muleba kichague moja, jingine liende kituo cha Izimbya. Likichaguliwa lile la pedeli mbili, Burhani anarudi kazini. Ikichaguliwa Land Rover, unga wake umemwagika.

"Ndugu mwenyekiti, mimi naona tusihangaike," alimwambia mzee Rugemalira, mwenyekiti wa kijiji. "Hili linafikiri lenyewe."

"Likafikirie mteremkoni, tulione," mzee akajibu.

Mteremko wenyewe ulishuka mpaka kijiji kipya cha ujamaa kando ya ziwa. Wagonjwa wa huko walipandishwa kwa machela, mabegani mwa wanaume. Burhani aliujua uzito wa safari hiyo, kwa sababu siku ya ajali watu wa kijiji hicho ndio waliomtoa darajani wakampandisha yeye, mvua ikiwanyea, wakipokezana na kumbembeleza kama mtoto, mpaka mikononi mwa Nesi Felicitas. Hawakumwuliza ni wa wapi wala anasali wapi.

Sasa, Mhaya akitarajia mgeni wa heshima hutandika nyasi mbichi ndani ya nyumba. Wanawake wa kijiji, Klaudia akiwa mbele yao, waliposikia gari la wagonjwa linakuja kujaribiwa, waliona ni aibu mgeni mkubwa hivyo akanyage udongo mtupu. Wakakata nyasi toka alfajiri, wakautandika mteremko mzima, kwa ustadi, pasionekane hata pengo. Kisha yakapita manyunyu. Heshima ilikuwa kubwa, na utelezi wake pia.

Burhani alianza na gari lake la moyoni. Sehemu ya tambarare lilikwenda laini, yeye akitabasamu peke yake. Lilipoinamisha pua tu, likaanza kukimbia. Alilirudisha kwenye gia ya chini, halikushikika. Akakanyaga breki, magurudumu yakasimama lakini gari likaendelea na safari zake, likaingia ubavu ubavu katika kibanja cha Klaudia na kulaza migomba.

"Mawe! Mama yangu! Burhani, u mzima?" Klaudia alikuja mbio.

"Mzima, mama. Migomba yako..."

"Migomba itaota! Toka humo!"

Mwenyekiti, kwa hasira, aliamuru nyasi zizolewe. Wanawake wakainamisha nyuso. Burhani aliona aibu yao ikamwuma.

"Ziacheni," alisema. "Masika yakianza njia itakuwa hivi hivi bila nyasi. Afadhali tujue leo."

Shaban, aliyeileta Land Rover kutoka mjini, alitaka kuiendesha yeye. Burhani akakataa. Akapanda, akapiga moyo konde, akakanyaga klachi kwa ule mguu mbovu. Maumivu yalimpanda hadi kiunoni, machozi yakamtoka, lakini gia ya kwanza, ile nzito ya mlimani, ikaingia. Baada ya hapo hakugusa klachi wala breki. Injini yenyewe iliishika Land Rover. Ikateremka polepole juu ya nyasi, ikinguruma, mpaka chini. Alipojaribu kushuka mguu ulikataa, ikabidi ashushwe.

"Haya, dereva," mzee Rugemalira alisema taratibu. "Sema wewe. Lipi?"

Burhani aliwatazama watu waliomzunguka. Mabega mengine pale aliyajua. Kusema uongo kungekuwa rahisi sana. Angeweza kuwalaumu wanawake na nyasi zao, na kila mtu angemwamini.

"Land Rover," akasema. "Lile jingine litawaua wagonjwa wenu. Chukueni Land Rover. Mimi mnisamehe, siiwezi tena."

Mwenyekiti akaguna. "Wakola waitu, asante sana, umetufaa. Basi tutatafuta dereva mwingine."

"Mtamtafuta mpaka lini?" Alikuwa Nesi Felicitas, mkunga, asiyejua kuremba maneno. "Wajawazito wangu wangoje? Mguu wa kushoto ninao mimi. Burhani, nifundishe."

Watu waliangua kicheko. Yeye alikusanya gauni lake, akapanda akakaa kwenye usukani. Burhani wakamwinua, wakamweka kiti cha kushoto. Mbele yao palikuwa tambarare mpaka ziwani. Burhani akashika mkono wa gia kwa mkono wake wa kulia.

"Klachi," alisema.

Nesi akakanyaga, Burhani akaingiza gia. Gari likaruka, likazima. Kicheko tena.

"Klachi."

Likazima tena. Nesi akafuta jasho, akasonya.

"Klachi, Nesi. Sasa iachie polepole, kama unavyopokea mtoto."

Land Rover ikaondoka. Wanawake wakapiga vigelegele, wakakimbia pembeni yake. Burhani alikuwa akilia waziwazi, na hakujifuta, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye gia.

"Klachi," akasema, akaingiza ya pili.