Dawa Si Asali

Kabla jogoo hajawika, Bibi Felista alisikia kitu kidogo kikigonga ubavu wa sufuria, kikanyamaza, kikagonga tena. Aliijua kila sauti ya nyumba yake pale Itigi. Hii hakuijua.

Jikoni alimkuta mwanawe Gasto, aliyekuja kuwatembelea, amechuchumaa, kichupa cha insulini, dawa ya kisukari ya mjukuu wake Eliana, kikielea kwenye maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, mama. Iliganda kidogo, naiyeyusha."

Hakuitikia. "Nani aliitoa chunguni?"

"Mimi, jana ulipolala. Dawa ya mwanangu ikae kwenye chungu cha mchanga, na friji nimeleta? Siku hizi ruksa kununua chochote, mama. Foleni za mgawo kwenye duka la kaya zimekwisha."

Friji yenyewe, ya mafuta ya taa, ilisimama sebuleni kama bwana harusi. Gasto alikuwa amekisukuma kichupa juu kabisa, penye barafu, akidhani baridi ikizidi ndiyo heri.

"Asali ikiganda si tunaipasha moto ikarudi?" alisema. Alikuwa mchuuzi wa asali tangu ujana.

"Asali haifi. Hii ikiganda imekufa. Muuguzi alinishika mkono akanieleza hadi nikaelewa."

"Mbona inaonekana nzima?"

"Hata maiti ya jana inaonekana nzima."

Aling'oa kizibo kwa kisu, akaimwaga dawa yote kwenye majivu, asije akashindwa kwa maneno. Chungu kile, ambacho mchanga wake aliulowesha kila jioni, kilikuwa kimemtunzia mjukuu dawa kiangazi chote. Na sasa hospitalini dawa zilikuwa zimekwisha.

Alivuka ua kwa Klara, ambaye mumewe, Mazengo, alijichoma sindano ya dawa ileile. Klara hakuuliza itarudi lini. Alitoa kichupa chunguni mwake, akakiviringisha kwenye kitambaa kibichi. "Wahi, mtoto hajanywa uji."

Eliana alichomwa sindano, akanywa uji. Gasto alisimama mlangoni na mfuko wake; treni ilikuwa inakaribia.

"Friji niiondoe, mama?"

"Iache. Kuku wangu hawana pa kutagia."

Eliana alimshika baba yake shati. Hapo Felista akageuka, uso bado umekunjamana.

"Marahaba," alisema, akiijibu ile shikamoo ya alfajiri. "Uje tena kututembelea, Gasto. Ila uje mikono mitupu."