Mimba ya Mkate Mweupe

Gaston alikosa kitambaa cha meza, pazia la kutenga sebule na chumba cha kulala, uma na visu vya kutosha wageni, na picha yenye kioo ya kutundika ukutani. Alikosa choo chenye mlango unaofungika. Alikosa mtoto. Na kwa kuwa alikosa vyote hivyo, alikosa pia ile kadi ambayo serikali ya Wabelgiji iliwapa Wakongo iliowaona wastaarabu.

Vitu vya dukani alivipata kimoja kimoja, kwa mshahara wa karani wa ghala la kahawa. Lakini tume ya kadi ilikuwa na desturi ya kuja nyumbani. Wangekaa, wangesikiliza Kifaransa chake na cha mkewe, kisha wangeingia jikoni na kufunua sufuria. Hizo sufuria ndizo zilizomtesa Gaston. Tangu alipotuma maombi, mwaka wa hamsini na sita, alipiga marufuku bugali, maharagwe na mboga za lenga-lenga katika nyumba yake ya mtaa wa Kadutu. Asubuhi mkate mweupe, mchana wali na sardini, jioni mkate tena na kipande cha jibini ambacho mkewe, Apolline, alikimeza kama kwinini.

“Ukikula maharagwe leo,” Gaston alimwambia, “siku watakuja watasikia harufu yake mpaka kwa pazia.”

Tumbo la Apolline likafunga. Alikwenda chooni akatoka na machozi tu. Kadiri lilivyojaa, ndivyo alivyokula kidogo, na mwishowe akaishi kwa chai na kipande cha mkate. Akakonda mabega na mashavu, tumbo likavimba peke yake. Kisha akakosa siku zake za mwezi, na mwezi uliofuata akazikosa tena.

Nsimire, mama yake Gaston aliyeishi nao, akampapasa tumbo akapiga vigelegele. “Iko mimba! Gaston, uko baba!”

Kwa kawaida mtu aliyefunga tumbo angepewa maji machungu ya majani ya mubirizi, na jambo lingekwisha. Lakini tumbo lenye mtoto haliguswi na dawa ya kuharisha, na Nsimire aliisimamia sheria hiyo kama askari mlangoni. Apolline alipoomba majani, alinyimwa.

“Mama, hii haiko mutoto. Mutoto anachezaka. Hii iko jiwe.”

“Weye umezaaka ngapi, mpaka unifundishe?”

Gaston, kwa furaha, alitangaza kazini kwamba madame ana mimba. Usiku mkewe alipogumia kwa maumivu, alimfunika shuka akamwambia avumilie, mtoto wa kwanza ndivyo alivyo.

Asubuhi moja, siku chache baada ya tume kuandika kwamba itakuja Alhamisi, Apolline alianguka kwenye bomba la maji, akatapika, akashindwa kusimama. Gaston alimpakia kwenye baiskeli akaisukuma hadi dispensari, akiomba rozari nzima bila kujua amefika fumbo la ngapi. Mtoto wangu, alikuwa akisema moyoni. Mtoto wangu.

Maman Constance, mkunga msaidizi, alimlaza Apolline nyuma ya pazia, akambonyeza polepole, akamuuliza maswali kwa sauti ya chini. Kisha akatoka.

“Monsieur Gaston, hapa hakuna mutoto. Iko mukate.”

“Unasema nini?”

“Tumbo imefunga. Na bibi yako iko na njaa. Mwili ya mwanamuke inatengenezaka homoni, ndizo zinaamuru mwezi. Ukiinyima chakula na kuijaza wasiwasi, inafunga ile kazi. Inajiambia, sitalisha watu wawili na hata mumoja hashibi.”

Gaston aligeuka kulitazama pazia.

“Nitamupa lavement, maji ya vuguvugu ya kupitisha kwa nyuma ili tumbo ifunguke. Lakini akirudi kwa mukate, utamuleta tena hapa. Anapashwa kukula maharagwe, lenga-lenga, papai, bugali ya mutama, na kunywa maji mingi. Mwezi inaweza kurudi pole pole. Siahidi.” Akamtazama. “Na weye? Unakwendaka choo muzuri?”

“Kila siku.”

“Muchana unakulaka nini?”

Gaston alitazama viatu vyake. “Kwa ghala, na wapakiaji. Mahindi na maharagwe.”

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Apolline, dhaifu lakini wazi: “Gaston? Maharagwe?”

Baada ya lavement Gaston alimrudisha nyumbani kwa baiskeli. Pale Nsimire alipoambiwa hakuna mimba, alijifunga kitenge upya. “Basi aende kwao. Kijana wangu atapata mwingine.”

“Ninaenda,” alisema Apolline, akikunja nguo zake mbili. “Ninaenda Mudaka kwa mama, nikule. Alhamisi tume ikikuja, uwaambie madame amekufa ao amekimbia. Chagua weye.”

Bila madame kadi isingepatikana, na kila mtu humo ndani alijua. Lakini si kadi iliyomfanya Gaston akae chini. Ilikuwa mikono ya Apolline: ilikuwa imekonda hata pete ya ndoa ilizunguka kidoleni kama ya kuazima.

Alichukua karatasi. Aliandika kwamba kwa sababu za afya anaomba ziara iahirishwe. Akaichana. Ziara ikiahirishwa, mkate utabaki mezani kuingoja. Akaanza nyingine.

“Unaandika nini?” aliuliza Apolline toka mlangoni.

Alimsomea kwa Kiswahili, maana Kifaransa chake kilikuwa kinatetemeka. “‘Bwana Mwenyekiti, ninafuta maombi yangu. Mke wangu hana ile mimba niliyoitangaza kazini. Ana ugonjwa niliomletea mimi. Katika nyumba hii tunakula bugali na maharagwe.’”

“Gaston!” Nsimire alipiga kelele. “Utachekwa Kadutu nzima!”

Apolline aliweka nguo chini. Hakutabasamu. “Andika pia kama tunakula na mikono.”

Akaandika. Mikono yake ilikuwa na jasho, wino ukachafuka kwenye sahihi, lakini hakuanza upya. Akakunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akatelemka nayo hadi posta.