Ridhaa ya Shangazi Unaisi

Sulueti Ravouvou alikuwa wakili hodari, na uhodari huo ndio uliomponza. Katika ofisi yao mjini Suva, Fiji, wawekezaji wa nje walimuulizia kwa jina. Ukitaka jina la bidhaa yako lisajiliwe kabla mshindani wako hajaamka, mtafute Sulueti. Ukitaka karatasi ya ridhaa ya kuchukua taarifa za watu bila kuja kushtakiwa baadaye, mtafute huyohuyo. Alikuwa ameandika karatasi moja ya namna hiyo, kurasa nne, na kila mteja alipewa ileile. Kifungu cha tisa kilisema taarifa zinaweza kupelekwa nje ya nchi na kugawiwa washirika wa biashara. Alikiandika haraka kabla ya saa ya chakula, kisha akaenda zake kula mikate ya roti na wenzake.

Jumatatu moja, mvua ikiwa haijakatika tangu Ijumaa, mkuu wake Bwana Pratap alimtupia jalada mezani.

"Dada, huyu Overgaard anataka kusajili dawa ya mitishamba. Jina, nembo, mchanganyiko, vyote. Mwaka jana alichukua karatasi yako, na sasa kaja na ridhaa za wenyeji mkononi! Mteja wa hivi ni wa kutiwa kwenye fremu."

"Wateja wako wa fremu ndio wanaotunyima usingizi," Sulueti akamjibu, akalifungua.

Jina la kijiji likamfanya akae vizuri. Kilikuwa kijiji cha baba yake. Ukurasa wa pili ulikuwa picha ya daftari la shule lililoandikwa kwa penseli, na mwandiko ule aliujua tangu utoto. Lilikuwa la shangazi yake Unaisi, mganga wa wanawake. Humo mlikuwa na dawa zake, na kando ya kila dawa jina la aliyeinywa, maradhi yake, na kama mumewe anajua au hajui. Hata mchungaji hakuwahi kulishika. Wanawake walimwendea Unaisi kwa sababu kaburi lina maneno mengi kuliko yeye. Na sasa majina yao yote yalikuwa hapa, mezani kwa mawakili, na nyuma yake karatasi ya kurasa nne yenye sahihi ya shangazi.

Sulueti hakumuaga mtu. Saa nane mchana alikuwa kijijini, anavua viatu mlangoni.

"Karibu, mwanangu!" Shangazi Unaisi alikuwa anakuna nazi. "Yaani umekuja mikono mitupu, hata mkate? Huko mjini mnafundishwa nini?"

"Shangazi, ulimpa yule mzungu daftari?"

"Nimpe? Alilipiga picha tu, akanirudishia." Mkono haukuacha kukuna. "Mtu mwenye adabu yule, wee! Alikuja na mzizi wa yaqona mkubwa hivi, ule wa kuombea ruhusa, akauweka mkekani kama aliyelelewa hapa. Tukaupokea, tukautwanga, tukaunywa naye. Sasa ukishanywa mzizi wa mtu, utamwambia nini? Ondoka?"

"Na karatasi je? Uliisoma?"

"Niisome ya nini? Si pale juu pana jina lako? Nikawaambia wenzangu, hii imeandikwa na mtoto wetu, mtoto wetu hawezi kutuandikia la kutudhuru. Nikatia sahihi. Hata miwani sikuhangaika kuitafuta."

Jina la Sulueti liliwekwa pale ili mteja ajue wa kumpigia simu. Hapa lilisomwa kama neno la damu, na nani angemlaumu mama huyu? Kwao jina la ndugu halihitaji kusomwa mpaka chini. Alikaa mkekani akaipekua karatasi yake mwenyewe kichwani, akitafuta tundu. Hakuliona, maana kazi yake ilikuwa kuyaziba.

"Ilikuwa lini, Shangazi?"

"Kabla ya Krismasi."

Sasa ulikuwa Aprili. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikwisha kuvuka bahari miezi minne. Sulueti aliogopa kuuliza yamefika wapi.

Hakupata nafasi ya kuuliza. Kelera, jirani wa nyumba ya tatu, alisimama mlangoni, amelowa, bahasha mkononi. Mwaka mzima alikuwa akingoja kwenda Australia kuchuma matunda. Hakuingia ndani.

"Wamenikataa," alisema. "Wanasema bima yao haichukui mtu mwenye uvimbe wa kizazi. Hospitali sijakanyaga mimi. Mume wangu alikuwa hajui, na barua kaifungua yeye." Akaiinua bahasha. "Nilikwambia wewe peke yako, Unaisi. Peke yako! Nani kawaambia?"

Kifungu cha tisa, Sulueti aliwaza, akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mkono wa shangazi yake, mweupe kwa machicha, ulimshika goti ukambana kwa nguvu.

"Ni mimi," alisema Unaisi. "Mdomo wangu. Uzee huu, mwanangu. Nilisema mahali ambapo sikupaswa."

Kelera alipogeuka aende zake, wanawake wawili waliokuwa barazani ng'ambo ya njia, ambao walisikia kila kitu, waliinuka wakaingia ndani bila hata kuamkia. Wote wawili majina yao yalikuwa daftarini.

"Shangazi, kwa nini? Hawatakuja kwako tena. Hakuna atakayekuja!"

"Wakijua ni karatasi yako, hutakanyaga tena hapa, wala watoto wako. Mimi nimekwishazeeka." Alivuta nusu nyingine ya nazi. "Nyamaza, urudi kazini."

Ingetosha kutoka nje na kuita jina la Kelera mara moja. Alikuwa bado njiani, anaonekana. Sulueti alimtazama mpaka mvua ikamficha, akabaki amekaa, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba alishusha pumzi ya ahueni.