Mzigo wa Mheshimiwa

Punda wetu aliitwa Mheshimiwa. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alitembea polepole katikati ya barabara akitarajia Kitale nzima impishe. Magari yalimpigia honi, bodaboda wakamtukana, tuktuk zikampita pembeni, naye hakugeuza hata sikio. Baba alikuwa akisema mnyama huyo anangoja tu kuwekewa bendera.

Siku aliponisemesha nilikuwa na hasira. Tangu tumzike baba nilikuwa na hasira kuanzia asubuhi mpaka usiku, na kila mtu aliyenipapasa kichwa akiniambia Mungu ana mpango wake nilitamani kumng'ata. Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilikuwa nimeketi juu ya mkokoteni nyuma ya nyumba, nikimtupia Mheshimiwa mabua ya mahindi.

"Sogea upande ule mwingine," akasema. "Hapo umemkalia baba yako."

Nilisogea kwanza, ndipo nikashtuka. Nikamtazama. Alikuwa akitafuna kama kawaida, macho yamelegea kama ya mtu aliye kanisani.

"Baba alizikwa kwao Kabuchai," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Mlizika mwili. Yeye bado yuko hapo nyuma. Mimi ndiye ninayevuta, najua uzito wangu."

Ngoja nieleze jambo hili vizuri, maana watu wazima walilikosea kabisa. Baba alikuwa akibeba mahindi ya watu kwa mkokoteni, kutoka sokoni hadi maghalani. Siku moja kifua kilimbana akaanguka kati ya magunia. Gathii, rafiki yake wa kazi, akamlaza juu ya mkokoteni huu huu, akamkimbiza Mheshimiwa mpaka hospitali. Daktari akatoka nje kumwambia mama kwamba baba ameenda. Basi kila mtu akasema Hesbon amefia hospitali.

Kwao baba, mtu akifia mbali, harudishwi mwili peke yake. Mtu wa ukoo huenda mpaka mahali roho ilipotoka, na tawi la mti mkononi, amwite kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Kisha hushika njia, na njia yote hasalimii wala kumjibu mtu yeyote. Husema na marehemu tu, ili marehemu asipotee. Baba mdogo Kevin alikuja na tawi lake, akamwita baba langoni mwa hospitali, akapanda gari la jeneza akiwa amefunga mdomo. Watu wakaridhika.

"Waliita mahali ambapo hayuko," akasema Mheshimiwa. "Alikata roho tukipita pale kwa wauza viazi. Nilisikia uzito ukibadilika. Nikangoja mtu aniulize, lakini nani humuuliza punda?"

Nikalia. Sikulia mazishini, hapo nikalia mpaka kamasi. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi fundi angekuja kuubomoa mkokoteni. Mama hakuweza kuutazama tena, akaamua mbao zijengewe banda la kuku.

"Ukibomolewa atakaa wapi?" nikauliza.

"Hapo ndipo mimi pia nimekwama."

Nilimwendea mama jikoni. Mama yangu, Nyaruai, ni binti wa watu wa Nyeri waliokuja kulima huku Trans-Nzoia, na mambo ya matawi hakuzaliwa nayo. Nikamwambia yote. Akaacha kukata sukuma wiki.

"Phelista, tafadhali," akasema. "Si leo." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Kwa hiyo Ijumaa alfajiri nilikata tawi la mti wa lusiola kwenye ua, nikamfunga Mheshimiwa kwenye mkokoteni, nikaenda naye mpaka pale kwa wauza viazi. Nikaweka tawi juu ya mbao na kusema, "Baba, ni mimi. Twende nyumbani." Mheshimiwa akatikisa kichwa.

"Anasema amefurahi kukuona," akaniambia. "Sasa sikiliza, na usinikatize. Haya maneno si yangu. Ni mzigo wake nimeubeba. Akishuka, nabaki punda tu. Na kuna jambo lingine. Hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba amekufa. Anadhani ni mgonjwa, na kwamba nyinyi mmemnunia, maana hamumjibu wala hamumpi chakula. Mtu asiyejua hashuki. Lazima aambiwe."

"Nani atamwambia?"

Mheshimiwa akatazama barabara. "Mimi ni punda," akasema.

Tukashika njia ya Kiminini, kuelekea Kabuchai. Mimi nilitembea kando ya kichwa chake, na kila mara aliniletea maneno ya baba sikioni. Anasema mahindi ya mwaka huu yamebeba vizuri. Anasema funga sweta. Anasema ukienda polepole gurudumu la kushoto halilii. Ilikuwa sauti ya punda, nzito na ya kujivuna, lakini maneno yalikuwa ya baba kabisa, na nilifurahi mpaka nikaona haya.

Watu walitusumbua. Pale Kiminini kijana wa bodaboda alipunguza mwendo akaenda sambamba nasi.

"Niaje, msichana? Ati unapeleka punda wapi pekee yako?"

Nikakaza macho mbele.

"Si unisalimie tu, bana. Kwani ni dhambi?"

Ulimi uliniwasha. Nina majibu mazuri sana kwa watu wa namna hiyo, na yote nikayameza. Lakini wazee walioliona tawi walijua. Mmoja alishuka kwenye baiskeli yake, akavua kofia, akasimama kando mpaka tukapita. Baba akauliza kwa nini mzee wa watu ananisalimia kwa heshima hivyo. Nikamwambia labda anampenda Mheshimiwa.

Hapo ndipo ningemwambia, nikashindwa. Nilijiambia nitamwambia tukifika darajani Kamukuywa. Darajani malori ya miwa yalitupita yakitikisa kila kitu, nikajiambia ni Kimilili. Kimilili mvua ikaanza.

Ilikuwa ile mvua ya huku kwetu ya alasiri, inayokuja kama imetumwa. Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye meno niliposikia pikipiki nyuma yetu, na sauti ya mama ikiniita jina. Akashuka hata kabla haijasimama. Viatu vyake vilikuwa tofauti, kimoja cha kanisani na kingine cha shambani.

"Phelista! Nimekutafuta Kitale nzima. Unajua nilifikiria nini? Unajua?"

Sikujibu. Nilimtazama tu, machozi yakishuka pamoja na mvua, na mkono wangu ukiwa juu ya tawi. Mama akalitazama tawi. Akautazama mkokoteni mtupu, na jinsi magurudumu yalivyozama kwenye mchanga wa kando ya lami kana kwamba yamebeba mtu. Akamlipa mwenye pikipiki, akavua leso yake, akanifunga mabegani, akaenda nyuma ya mkokoteni. Akaweka kiganja juu ya ubao, akaanza kutembea.

"Nyaruai amekuja," akasema Mheshimiwa. "Baba yako anafurahi sana, hata kuniumiza ananiumiza, anajigeuzageuza huko nyuma. Anamuuliza kama ameloa."

Nikageuka. Mama alikuwa akitembea kimya, uso chini.

"Anamuuliza tena."

Mama hakusema neno. Nikadhani hawezi. Nikadhani amekuja kwa ajili yangu tu, na kwamba hayo mengine bado hayaamini. Nikamnong'oneza Mheshimiwa, "Mwambie amechoka."

Lakini baba hakunyamaza. Njia yote ya Chwele alikuwa akimsemesha. Alimuuliza kama kuku wametaga. Alimkumbusha siku walipofika Kabuchai mara ya kwanza wakiwa wachumba, mama akateleza kwenye tope mbele ya wakwe. Mama alitembea vilevile, kiganja juu ya ubao, midomo ameibana. Mwishowe Mheshimiwa mwenyewe alianza kusema polepole, kama anayeona aibu kuyabeba hayo maneno.

"Anauliza kama amemkasirikia. Anauliza amemkosea nini."

"Amechoka, baba," nikasema tena kwa sauti ya chini. Nilimkasirikia mama. Nilitaka kumvuta nguo.

Tulipoacha lami na kuingia barabara ya kwetu, gurudumu lilizama kwenye tope. Mama akainama akasukuma kwa bega, huku miguu ikiteleza na shati lote likiwa jekundu kwa udongo.

"Anasema mwambie Nyaruai aache, mgongo wake mbaya. Anasema ngoja yeye ashuke asaidie." Mheshimiwa akatega sikio. "Hawezi kushuka. Anashangaa kwa nini hawezi."

Mama alisukuma mpaka gurudumu likatoka. Alikuwa akilia bila sauti yoyote.

Mvua ilikuwa imekatika tulipofika. Kukhu Nabwile, mama yake baba, alikuwa uani akianua magunia. Aliliona tawi, akaufunika mdomo kwa mikono yote miwili, kisha akafungua lango mpaka mwisho na kusogea kando. Hakutusalimia. Yeye alijua.

Mheshimiwa akasimama.

"Anakataa," akaniambia. "Anasema hatukubeba hata sukari. Anasema hawezi kuingia kwa mamake mikono mitupu kama mwizi. Tugeuze turudi Chwele tununue."

Na mimi nilitaka kugeuza. Naapa nilitaka. Chwele, kisha Kimilili, kisha Kitale, halafu tuanze tena, nimzungushe baba hivyo hivyo mpaka nizeeke, awe akiniambia nifunge sweta. Nilishika hatamu. Kisha nikakumbuka kwamba tangu azikwe hajala, na kwamba alikuwa amekaa kwenye mvua siku nzima akiwauliza watu maswali bila kujibiwa. Hakustahili hivyo. Nikazunguka, nikaweka mkono juu ya mbao, na safari hii sikunong'ona.

"Baba, sukari haihitajiki. Ulikufa. Ulikufa hapa juu ya mkokoteni, mkienda hospitali. Tulikuzika hapo ndani, karibu na babu. Nimekuleta ulale."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye migomba.

"Anauliza kama ni kweli," akasema Mheshimiwa.

"Ni kweli, baba."

"Anasema, basi ndiyo maana." Punda akageuza kichwa nyuma. "Anasema pole kwa mwendo, mwanangu. Anasema ume..."

Mbao zikalia. Mkokoteni ukainuka kidogo tu, kama unavyoinuka gunia likitolewa, na magurudumu yakasogea yenyewe mbele kwenye tope. Kukhu akageuza uso taratibu, akimfuata kwa macho mtu ambaye mimi sikumwona, kuanzia langoni mpaka kwenye kaburi.

Nikaichukua ile lusiola nikampa, akaenda kuilaza pale. Nilipogeuka, mama alikuwa mbele yangu.

"Ulikuwa unaongea naye," akasema. "Inaruhusiwa?"

"Ni yeye tu unaruhusiwa kuongea naye. Ni watu wengine ndio hapana."

"Mimi niliambiwa ni kunyamaza. Kule hospitali waliniambia, tawi likishikwa, hakuna kufungua mdomo. Nikaogopa nikifungua nitampoteza." Akaushika ubao kwa mikono miwili. "Phelista, alikuwa anasema kitu?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimemdanganya baba njia yote.

"Alikuwa anauliza kama umemkasirikia," nikasema. "Tangu Kimilili."

Mama akaniuliza ni wapi hasa baba alikuwa amekaa, nikamwonyesha, akapapasa pale kwa kiganja, mbele na nyuma.

"Hesbon," akaita. Akangoja. Akanitazama mimi, akanishika bega. "Mwambie sikukasirika. Mwambie, mwanangu. Wewe unajua anavyosikia."

Nikaenda kwa Mheshimiwa. Alikuwa amepata majani ya napia kando ya ua. Nikaushika uso wake, nikamwambia sikioni, neno kwa neno, kwamba Nyaruai anasema hakukasirika. Akatikisa sikio kama kuna nzi, akaendelea kula.