Isale la Bibi Migomba

Eliakim alipandisha wageni Kibo miaka na miaka bila kuogopa kitu, lakini ng'ombe wa mkewe alimshinda. Hellen alikuwa amekwenda Dar kumhudumia binti yao Stella, aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mumewe ndoo ya kukamulia, akasema, "Baba Stella, ng'ombe huyu ndiye aliyesomesha watoto. Usiniangushe."

Basi Hellen akaangushwa asubuhi ya kwanza tu. Eliakim alikaa kwenye kigoda, akaosha kiwele, akapaka mafuta kama alivyoelekezwa. Ng'ombe akageuza shingo, akamtazama mtu huyo mgeni, akabana maziwa yote. Alipolazimishwa, akapiga ndoo teke. Jioni Hellen alipopiga simu, Eliakim alisema maziwa yanafurika mpaka anagawia majirani. Alisema hivyo huku akinywa chai ya rangi.

Kwa hiyo, badala ya kumwambia mkewe ukweli, akajiunga na jukwaa la Wafugaji wa Mlimani kwenye simu. Huko mtu huuliza, na wenzake humjibu au humpa dole gumba, la juu kumsifu au la chini kumkataa. Kanuni zilikuwa juu kabisa: salimia kwa ufupi, eleza tatizo, usirudie swali, usiandike kwa herufi kubwa maana ni kupiga kelele. Eliakim hakusoma hata moja. Alijiita Simba wa Kibo, akaandika: "NG'OMBE ANABANA MAZIWA. MWENYE AKILI AJIBU HARAKA."

Hakujibiwa upesi, akarudia. Akarudia tena. Madole ya chini yakamwagika.

Mwanachama mmoja aliyejiita Bibi Migomba, mwenye picha ya mkungu wa ndizi, akamjibu: "Soma kanuni kwanza, mzee. Hivi na zizini unapiga kelele hivyo hivyo? Mimi ningekuwa ng'ombe nisingekupa hata tone."

Damu ikamchemka. "WEWE UNAYEJIFICHA NYUMA YA NDIZI, NG'OMBE UMEMWONA KWENYE KALENDA!"

Hapo alikuwa amejiponza, kwa sababu Bibi Migomba ndiye aliyekuwa ameokoa ndama wa nusu ya jukwaa lile. Swali la Eliakim likafichwa kwa wingi wa madole ya chini. Godbless, msimamizi, akamwandikia pembeni: "Shikamoo mzee. Muombe radhi Bibi Migomba, la sivyo nitalazimika kukutoa." Ile shikamoo ndiyo iliyomuuma zaidi. Na Hellen alikuwa anarudi Jumamosi.

"Mimi nikaombe radhi kwa ndizi?" alimlalamikia jirani yake Yoramu mpakani mwa mashamba yao.

Yoramu alicheka mpaka akaangusha panga. "Dawa si hiyo umeiegemea?"

Eliakim akageuka. Alikuwa ameegemea masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani. Wachagga wote wanajua kwamba ukiletewa isale kuombwa msamaha, hukatai, hata kama uliapa. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akalipiga picha pamoja na ng'ombe. Kisha akaandika kwa herufi ndogo, polepole: "Shikamoo Bibi Migomba. Nimekosa. Huwa napiga kelele nikiwa na hofu, na sasa nina hofu. Ng'ombe ni wa mke wangu."

Jukwaa likawaka. Mtu wa Rombo alidai isale lisilo na mtu wa kulileta ni jani tu. Wa Machame akasema mtandao ukifika, na isale limefika. Walibishana mpaka chakula cha mchana, na madole ya juu yakaanza kuingia. Ndipo Bibi Migomba akajibu: "Picha nimeipokea. Jifunge khanga ya mkeo, umwimbie ng'ombe taratibu. Lakini isale lenyewe nalitaka mkononi mwangu. Jumamosi mchana, stendi ya Moshi."

Jioni ile Eliakim alijifunga khanga ya Hellen, akaangalia kama Yoramu hamwoni, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Ng'ombe akanusa khanga. Akashusha pumzi, akaachia, na ndoo ikajaa povu. Eliakim naye alitokwa na machozi kidogo. Khanga ilinukia moshi na sabuni ya Hellen, na aligundua kwamba aliyemkosa Hellen si ng'ombe peke yake.

Jumamosi alifika stendi mapema na isale lake, akiomba huyo bibi atangulie kabla ya basi la Dar. Akawa anamkodolea macho kila mama mtu mzima anayepita. Basi likamkuta bado anakodoa. Hellen akashuka na begi lake, naye akaficha jani mgongoni.

"Unamngoja nani, Baba Stella?"

"Wewe tu."

"Na hilo jani mgongoni?"

Hellen akaweka begi chini, akakinga mikono yote miwili. "Lete. Nilikutambua tangu ujumbe wa kwanza. Hata ukiniagiza chumvi unaandika kwa kelele."

Eliakim akampa isale kwa heshima zote, mdomo wazi. "Dole la chini ulinipa wewe?"

"La kwanza kabisa." Hellen alicheka, akalichomeka isale kwenye mkunjo wa kitenge chake. "Haya, kelele nimesamehe, na kalenda nimesamehe. Lakini ile ya maziwa kufurika mpaka majirani wanagawiwa, hiyo inataka isale lake."

Eliakim akabeba begi, akaanza kuangaza macho stendi nzima kutafuta masale yameota wapi.