Mazoezi ya Kutukanwa

Nilishindwa kwenye tusi la tatu.

La kwanza lilinipita juu ya kichwa kama kunguru. La pili nililimeza pamoja na mate. La tatu Elikana alilitoa akiwa amejifunga kanga yangu kifuani na kubana pua, akimwigiza jirani yangu Veneranda, Mama Oswald, ambaye sauti yake huijua hata mbuzi wa kwetu Buzebazeba. "Mama Catherine, nyumba yako umeifanya danguro la wanaume wanaopendana." Nikasimama. Benchi likainuka upande mmoja, Ishimwe, fundi cherehani wa barazani kwangu, akateleza nusura aanguke.

"Wewe Veneranda," nikamwambia Elikana, nimesahau kabisa kwamba ni Elikana, fundi baiskeli mwenye ndevu, "waeleze watu kwanza ya kwako ya kule Mwamgongo."

Ua mzima ukanigeukia.

"Ya Mwamgongo ni ipi tena?" Elikana akauliza kwa sauti yake mwenyewe, kanga inamvuka.

Mwalimu Concilie, aliyekuwa akituongoza, alimtupia jicho Elikana hadi akanywea, kisha akanigeukia mimi. Bibi yule alikuwa mwembamba kama ufito, lakini alipokutazama ulitafuta daftari lako lilipo. "Hilo ni jiwe, Mama Catherine. Umelificha chini ya ulimi. Jumamosi utakuja mkutanoni bila jiwe, au utabaki hapa unapika."

Kubaki napika wakati watu wamekusanyika? Mimi?

Ulikuwa mwaka wa pili tangu meli ilipokuwa ikiwatoa Warundi Kagunga mpakani na kuwashusha bandarini kwetu, huyu ana godoro, yule ana kuku, mwingine hana hata kiatu cha pili. Ishimwe alishuka na kichwa cha cherehani amekibeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Kwenye kambi ya wakimbizi hakudumu. Majirani wa mahema walimpiga wakamvunja mguu, na sababu waliitaja kwa sauti wakiwa wanampiga. Akaja mjini kwa kibali cha matibabu. Mguu ulipopata nafuu akaweka cherehani barazani kwangu, na kila baada ya miezi mitatu mwenyekiti wa mtaa alimwandikia barua ili kibali kiongezwe. Bila barua ile, ni kurudi kambini, kwa walewale.

Nyumba yangu sasa. Mimi nauza chai, maandazi, wali, na samaki wetu wa ziwani, migebuka ya kukaanga, lakini tuseme ukweli, watu huja kwa chakula wakabaki kwa maneno. Darasani niliishia la nne. Kingine chote ninachokijua nimekijua kwa kukaa mahali watu wanapopita. Na Ishimwe naye Kiswahili alikisomea hapohapo, kwa wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao. Ndiyo maana ukimwita haitiki "naam" kama wanaume wenzake. Anaitika "bee." Hatukumsahihisha. Tulipenda kuisikia.

Mimi ni wa kukulia Ujiji. Kule mwanamke rafiki yake wa chanda na pete humwita shoga, na neno hilo ni mkeka, mnakaa wawili mkanyoosha miguu. Shoga yangu ndiye aliyenikanda nilipojifungua Catherine. Basi Ishimwe, ambaye nilikuwa nikimwambia yote na yeye ananicheka yote, ningemwita nani? Nikawa nampigia ukelele kutoka jikoni, ng'ambo ya barabara wasikie: "Shoga, umekula?"

"Bee. Bado."

Ile maana nyingine niliijua, nani asiyeijua? Nilidhani yangu itashinda kwa sababu sauti yangu ni kubwa.

Wapita njia wakaanza kucheka. Baadaye wakaanza kuangalia. Wakamwona Habonimana, mpakia mizigo botini kule Bangwe, anayekuja kila Jumapili na samaki amemfunga kwenye jani la mgomba, anakaa kimya kumtazama Ishimwe akishona, kama wenzake wanavyotazama mpira. Ishimwe mwenyewe aliwahi kuniambia, kwa neno la Kirundi, akijua Kiha changu, lugha ndugu, kitalipokea: "Ni umukunzi wanje." Mpenzi wangu. Sikumwambia mtu. Mimi, mdomo huu, sikumwambia mtu hata mmoja. Lakini nilikuwa nimeshawaambia wote, kwa mapenzi yangu yote, tangu jikoni hadi ng'ambo ya barabara.

Veneranda ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi. Mkutano wa mtaa, Jumamosi saa nne. Hoja: mwenyekiti asimwandikie barua tena.

Concilie alikuwa mwalimu huko kwao Burundi, na baada ya vita vyao alifundishwa namna ya kukaa mbele ya mtu aliyemuua ndugu yako bila kunyanyua mkono. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza namna ya kupika ubwabwa. "Hatuendi kuomba huruma," alituambia jioni ya kwanza. "Tunaenda kukaa. Ishimwe na Habonimana wakae kwenye mtaa huu kama wanavyokaa watu wengine, hicho tu." Tungekaa watano kwenye benchi moja, tumevaa nguo alizozishona Ishimwe. Usijibu, usicheke, usiondoke. Akisukumwa mmoja akaanguka, wote tunakaa chini. Mwisho yeye peke yake angesimama na kuuliza swali moja.

Kwa siku tano tulifanya mazoezi uani. Wateja walidhani ni kwaya.

Nilipoharibu na lile la Mwamgongo, Concilie akanitoa benchini. "Elikana, kaa. Mama Catherine, njoo uwe umati. Tukana."

Waliguna, kwa maana ni sawa na kumtuma fisi buchani. Nilianza na Elikana, nikamchambua kuanzia mke aliyemkimbia hadi baiskeli anazozitengeneza zikarudi kesho yake. Akakaza taya, akashinda. Habonimana nilimwambia ana mikono ya kubeba magunia na moyo wa kubebwa. Akaitazama mikono yake, akaiweka magotini, akashinda. Nilikuwa nimepamba moto. Nikafika kwa Ishimwe.

Nilitafuta neno. Kisha nikalichukua lile, kwa sababu ndilo litakalorushwa Jumamosi na lazima alizoee. Nikalitoa kama linavyotolewa pale njia panda, na mate.

"Shoga!"

"Bee," akaitika.

Lilimtoka lenyewe. Aliinua kichwa, uso mkunjufu, kama anayesubiri kuulizwa kama amekula. Elikana akacheka kwanza, Habonimana akafuata, mwisho Ishimwe mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Mimi nikakaa chini palepale kwenye majivu ya jiko. Katika mazoezi yale yote ya kutukanwa, aliyelia ni mtukanaji.

Ishimwe alichechemea akaja kukaa karibu yangu. Alinipangusa jivu begani, akafuatisha mshono kwa kidole, maana ndivyo alivyo.

"Ni mimi niliyekuponza," nikamwambia.

"Kule kambini waliponivunja mguu walikuwa wakilisema hilohilo. Ni katika maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili." Akaendelea: "Ningeweza kukukataza. Lakini kwako lilikuwa linakuja na chakula."

Concilie akaliweka benchi sawa. Kisha akasema, "Tena. Kuanzia mwanzo."

Jumamosi mkutanoni tulikaa. Nilivaa gauni la kitenge lenye mabega ya puto, ambalo Ishimwe alilishona akililalamikia. Matusi mengine yalikuwa tuliyoyafanyia mazoezi, na hayo yalipita kama watu unaowafahamu. Mengine hatukuwahi kuyawaza. Ganda la ndizi lilimpata Elikana shavuni, likabaki hapo, asiliondoe. Ishimwe alitazama mbele. Habonimana, pembeni yangu, alikuwa akipumua kama mtu aliyebeba gunia kwenye ubao wa kupandia boti, hatua kwa hatua.

Veneranda alisimama wa mwisho. Alianza vizuri, ana kipaji yule. Akasema juu ya nyumba zetu, watoto, heshima ya mtaa. Akasema juu ya watu wanaojificha na wanayoyaficha, na hapo macho yake yakagongana na yangu.

Alijua ninachokijua. Kulikuwa na watu zaidi ya mia uwanjani, na mimi nilikuwa na habari ya Mwamgongo mdomoni, nzima, na tarehe yake. Ingetosha kummaliza pale pale. Msomaji, unisamehe, na wewe sikuambii. Nilishika ubao wa benchi mpaka kibanzi kikanichoma kidole. Veneranda akangoja. Kweli alinyamaza akaningoja niseme, uso wake umeshajiandaa kupigwa. Nikamtazama tu, kama unavyomtazama jirani uliyeazimana naye chumvi miaka kumi na tisa.

Sentensi yake hakuimaliza. Akakaa.

Concilie akasimama, akamwamkia mwenyekiti, akauliza: "Huyu kijana amemkosea nani? Aliyekosewa asimame." Watu wakageuzana shingo. Mzee mmoja akasema si suala la kukosewa, ni suala la kichefuchefu. Mwenyekiti, ambaye hakuwa shujaa wala hakutaka kuwa, akakuna kidevu na kusema yeye ofisi yake hushughulikia makosa, kichefuchefu kina zahanati. Wengine wakacheka, wengine wakaondoka kwa hasira. Barua akaiandika. Miezi mitatu, akasema, halafu tutaona.

Sitaki kuwadanganya kwamba mtaa ulibadilika. Wapo walioacha kula kwangu na hawakurudi. Mwezi mzima mawe yalitua juu ya bati, na Habonimana aliacha kuja mchana. Lakini ile miezi mitatu ilizaa mingine, na mingine tena, hadi walipopata njia ya kwenda mbali wote wawili, safari moja. Hayo yalikuja baadaye. Mimi ninayoikumbuka zaidi ni Jumatano iliyofuata mkutano.

Ilikuwa asubuhi, chai ya kwanza. Veneranda alivuka barabara akiwa na kitenge kipya chini ya kwapa. Hakusalimia. Alikiweka kitenge juu ya cherehani, akapanda barazani, akainua mikono yake yote miwili na kuiacha hewani, kama anavyosimama mtu wa kupimwa. Wateja wangu waliacha maandazi njiani kuelekea mdomoni. Ishimwe alitafuta tepu mezani, akaitafuta kapuni, nayo i shingoni mwake. Mikono ya Veneranda ilianza kuchoka, asiishushe.

"Mikono mirefu au mifupi, Mama Oswald?" Ishimwe akauliza alipoipata.

"Mirefu," akasema, na akageuka kidogo kuelekea barabarani, ili anayepita amwone vizuri.